Mhariri Aliyeanza Kusifu

Daktari Asparuh Cholakov aliuweka mswada wake juu ya meza ya polisi kwa mikono miwili, akaurekebisha pembe zikae sawa, kisha akakataa kiti.

"Inspekta," alisema, "nimekuja kuripoti sifa."

Inspekta Radostina Kehayova alikuwa amekwisha kusikiliza asubuhi hiyo wizi wa baiskeli na ugomvi wa wapangaji juu ya mbwa. Hakuwa na hamu ya mafumbo. Aliisogeza kahawa yake mbali na mswada, maana aliona jinsi mzee alivyokuwa akiitazama.

"Sifa gani, Daktari?"

"Nilizopewa bila kustahili."

Cholakov alikuwa daktari wa mifugo, mstaafu. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye mazizi ya vijiji vinavyozunguka mji wa Ruse, mkono wake ndani ya ng'ombe hadi kwenye bega, na alipostaafu alishikwa na ugonjwa ambao hakuna sindano yake: alitaka kuandika kitabu. Riwaya ya upelelezi, yenye mpelelezi ambaye, kwa bahati, ni daktari wa mifugo. Wachapishaji hawakumjibu. Basi akaamua kujichapishia mwenyewe, na kama afanyavyo kila mwandishi wa namna hiyo mwenye akili, akamtafuta mhariri wa kumsafishia mswada kwanza. Alimpata Nevena Sarandeva, hapo hapo mjini.

"Unamjua?" aliuliza.

"Simjui."

"Mtu anayejichapishia kitabu mwenyewe, Inspekta, hana wa kumwambia ukweli ila yule anayemlipa. Na wahariri wengi wakishalipwa hujifunza kutabasamu. Nevena hakujifunza. Tazama."

Alifungua sura za mwanzo. Pambizo zilikuwa zimejaa maneno. *Mjane huyu halii, anaigiza. Kurasa hizi ni zako, si za msomaji, zitoe. Ng'ombe umemwelewa kuliko mke wake.* Na maneno matatu yaliyorudi tena na tena, kila mahali ambapo mzee alikuwa amejipendelea: *Hapa unadanganya.*

"Mkali," alisema Radostina.

"Nilikuwa nikizisoma nimesimama jikoni, nikimtukana kwa sauti. Kisha nakaa, naandika upya. Na alikuwa na haki, kila mara. Sasa tazama sura ya kumi."

*Vizuri. Imenigusa sana. Endelea hivyo hivyo, rafiki.*

"Rafiki," Cholakov alisema kwa uchungu. "Miaka miwili hajawahi kuniita rafiki."

"Labda umepata mkono, Daktari. Watu hujifunza."

"Nami nilitumaini hivyo. Nilitembea mjini nimevimba kichwa. Halafu nikamtegea mtego. Katikati ya sura ya kumi na mbili, pale muuaji anapomkimbiza msichana kwenye zizi, nilipachika kurasa mbili za mhadhara wangu wa zamani kuhusu ugonjwa wa kuoza kwato kwa kondoo. Neno kwa neno. Dalili, dawa, kila kitu. Unajua zilirudi na nini?"

Aligeuza karatasi. *Maelezo hai kabisa. Msomaji ataona kila kitu.*

Radostina aliuma shavu lake kwa ndani ili asicheke.

"Umempigia simu?"

"Mume wake ndiye anayepokea. Metodi. Anasema Nevena amekwenda Hispania kwa binti yao. Sawa, mtu huenda kwa binti yake. Lakini Nevena hafanyi kazi kwenye kompyuta, macho yake hayataki kioo. Anaandika kwenye karatasi, kwa penseli ya kijani, halafu Metodi anaketi pembeni yake anayaingiza maneno yake kwenye kompyuta na kututumia. Ndivyo walivyo miaka yote. Sasa kama yeye yuko Hispania, na Metodi yuko hapa, nani anashika penseli?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Radostina alilipenda kuliko alivyotaka kuonyesha. Alichukua koti lake.

"Inspekta," Cholakov alisema Radostina alipokwisha kufika mlangoni, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mke wangu alisoma kurasa kumi akalala. Watoto wangu wananiambia, 'Hongera, baba,' hata hawajafungua. Yule mwanamke alisoma kila neno langu. Kama kapatwa na jambo, nataka kujua."

* * *

Jengo lilikuwa la ghorofa nane, la enzi ile ya zege, na miti ya barabarani ilikuwa imechanua hata harufu yake ikaingia mpaka kwenye lifti mbovu. Radostina aliusoma mlango kwanza.

Matangazo ya misiba yalikuwa yamebandikwa juu yake, kama kwenye kila mlango wa mji: picha, jina, pembe nyeusi, maneno ya wafiwa. Mzee mmoja aliyetimiza mwaka tangu afariki. Mama mmoja aliyetimiza miezi sita, anatabasamu na kitambaa kichwani. Mpiga kinanda wa ghorofa ya tano, aliyefariki wiki iliyopita. Wa mwaka juzi nao walikuwepo, wameliwa na jua. Sarandeva hakuwemo. Katika mji huu mtu hafi mpaka mlango wake umesema, kwa hiyo ama Nevena alikuwa hai, ama kulikuwa na mtu aliyeuziba mlango mdomo.

Kwenye ghorofa ya chini, mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Bibi mmoja mnene aliketi kibarazani, karai la cheri miguuni, anazitoa kokwa kwa pini ya nywele. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni.

"Unamtafuta nani, mwanangu? Kama ni fundi wa lifti, umechelewa mwaka."

"Polisi, bibi. Inspekta Kehayova."

"Oho. Basi ni habari ya mbwa."

"Si mbwa. Nevena Sarandeva."

Bibi, ambaye jina lake lilikuwa Ganka na aliyeishi hapo tangu jengo lilipofunguliwa, aliifuta pini kwenye aproni. Alisema Nevena yuko kwenye chemchemi za maji moto, mgongo unamsumbua, kukaa kutwa nzima kwenye kiti kile mtu atapona vipi. Nani kasema? Metodi kasema.

"Maji moto," Radostina alirudia. "Si Hispania?"

"Hispania anatafuta nini? Hispania yuko Kalina, binti yao, analazwa kitandani na madaktari. Ana mimba, maskini, na mbili za kwanza ziliharibika. Mgongo hauponi Hispania."

"Ulimwona lini mara ya mwisho, Bi. Ganka?"

"Alhamisi Kuu, ile ya kupaka mayai rangi. Alinishushia yai jekundu, la kwanza kabisa kutoka sufuriani, likiwa na moto bado. Kesho yake wakaondoka kwenda kijijini kwao Metodi, Babina Luka, kula Pasaka. Metodi alirudi. Nevena, anasema, alimwacha kwenye maji moto." Alishusha sauti, na Radostina akajua kwamba sasa yanakuja yale ambayo bibi alikuwa ameyaweka akiba. "Nitakwambia kitu, lakini sitaki kuitwa mahakamani. Aliporudi, kesho yake alfajiri, nilimwona anabeba zulia. Limekunjwa, limefungwa kamba, zito, analiburuta ngazini peke yake. Nikamwambia, Metodi, ngoja nimwite mkwe wangu akusaidie. Akasema hapana, hapana. Kalitia kwenye gari. Alirudi jioni bila zulia."

"Zulia la wapi?"

"La chumba cha kazi. La Nevena. Zuri, jekundu, alilokuja nalo alipoolewa."

Radostina aliandika. Zulia lililokunjwa, mke asiyeonekana, hadithi mbili za mume mmoja. Angekuwa mpelelezi wa Daktari Cholakov, angekwisha kumtia mtu pingu. Yeye aliuliza tu kama Metodi alikuwa mtu wa ugomvi.

"Metodi?" Bi. Ganka alicheka hadi karai likatikisika. "Yule akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi. Alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka kilipofungwa. Nevena ndiye mwenye ulimi nyumba ile. Metodi ni mtu wa kuleta vitu. Supu, dawa, gazeti. Mwezi uliopita tu aliniletea ngano ya kumwombea marehemu, na aliichemsha mwenyewe, mwanamume, na kokwa za jozi zilizosagwa juu na sukari, laini kabisa."

Kalamu ya Radostina ilisimama.

"Ngano ya nani?"

"Ya mama yake, Mungu amsamehe."

"Alisema ni ya mama yake?"

"Alisema..." Bi. Ganka alikunja uso. "Nilimuuliza, ya bibi Paraskeva? Akainamisha kichwa tu. Nikapokea, nikasema kama inavyosemwa, Mungu amsamehe Paraskeva. Basi akanishika mkono, hivi. 'Usitaje jina, Bi. Ganka,' anasema. 'Sema tu, Mungu amsamehe.' Nikasema. Nikadhani uzee unamchezea."

"Jumamosi ya wafu, ile ya kuwaombea marehemu wote, ilikuwa imefika?"

"Bado. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi ya wafu mimi mwenyewe nilichemsha, ningekumbuka."

"Na mama yake Metodi alifariki mwezi gani?"

"Wakati wa theluji. Tulimzika theluji iko magotini, kasisi kavaa buti za..." Bi. Ganka hakumaliza. Pini ilibaki imechomekwa kwenye cheri, na juisi ikamtiririka kwenye kifundo cha mkono bila yeye kuifuta.

Radostina alisogea hadi kwenye dirisha la ngazi, akahesabu siku kwa vidole. Mtu mwongo angemwacha jirani amtaje mama yake. Ndilo lililokuwa rahisi, na bibi alikuwa amemletea uongo mdomoni tayari. Lakini huyu alishindwa. Alikuwa amechemsha ngano ya mtu mmoja, na hakuweza kuvumilia dua yake iende kwa mwingine. Kutoka Jumatano ile, ukirudi nyuma siku arobaini za msiba, unaangukia kwenye Pasaka.

Alipiga simu manispaa ya Babina Luka. Karani alikuwa anakula, ilisikika. Alienda, akarudi, akafungua daftari kwa kishindo.

"Sarandeva, Nevena. Ndiyo. Amefariki Jumamosi Kuu, nyumbani. Moyo. Daktari alifika, amesaini. Alizikwa Jumatatu ya Pasaka, nilikuwepo, kijiji hiki kidogo, sote tulikuwepo. Ule mkate wa Pasaka ulikuwa bado uko ovenini alipoanguka, mama huyo."

"Kulikuwa na shaka yoyote?"

"Shaka gani? Alishika meza, akasema 'Metodi,' akaanguka. Dada wa kasisi, jirani yao, alikuwa jikoni." Karani alimeza. "Kitu kimoja tu. Mume alitukataza kubandika matangazo. Hata hapa kijijini. Tuliona ajabu, lakini mtu akiwa kwenye msiba humbishii."

Radostina alishukuru, akaifunga simu. Kwa sheria, kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuna kifungu kinachomfunga mtu kwa sababu hakubandika tangazo, na aliyekufa kwa moyo mbele ya jirani hakuuawa na mtu. Angeweza kuondoka, kunywa kahawa yake, na kumpigia Daktari Cholakov. Nyuma yake Bi. Ganka alikuwa ameanza kulia taratibu, anajipangusa kwa mkono wenye cheri na kuupaka uso wekundu.

"Bi. Ganka," alisema Radostina, "usimwambie mtu bado. Hata mkwe wako."

Akapanda ngazi.

* * *

Metodi Sarandev alifungua kabla kengele haijanyamaza. Alikuwa mrefu, amekonda, sweta limefungwa vifungo vyote ingawa ilikuwa Juni. Alipoona kitambulisho, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye simu ya mezani ukumbini, kisha yakarudi.

"Mke wangu hayupo," alisema. "Yuko kwenye maji moto. Mgongo."

"Na Daktari Cholakov, mbona ulimwambia Hispania?"

"Hispania... baadaye atakwenda. Kwanza maji moto, halafu..."

"Mzee Metodi. Naomba nikae."

Alimpeleka kwenye chumba cha kazi, labda kwa sababu miguu yake ilizoea kwenda huko. Dirisha kubwa, meza moja ndefu, viti viwili upande kwa upande. Kiti cha dirishani kilikuwa cha magurudumu, na mto uliobonyea. Kingine kilikuwa cha mbao, mbele ya kompyuta. Chini sakafu ilikuwa tupu, na katikati yake mraba wa mbao safi, pale zulia lilipozuia jua kwa miaka.

Juu ya meza kulikuwa na penseli za kijani ndani ya kikombe, zote zimechongwa kwa kisu. Na mirundo miwili ya karatasi. Kwenye mmoja, mwandiko wa kijani ulilala kwa kasi na kuichoma karatasi. Kwenye mwingine, kijani hicho hicho, lakini herufi zimesimama wima, zimepangwa, kila moja na nafasi yake. Mkono wa mpanga herufi. Radostina aliona kwamba hakuwa amejaribu hata kuuiga mwandiko wa mkewe.

Hakuuliza kuhusu zulia. Hakuuliza chochote. Alisema lile ambalo angelisema kama naye angeletewa ngano.

"Mungu amsamehe Nevena."

Mzee alishika mgongo wa kiti cha magurudumu. Aliinamisha kichwa, na alipolia alilia bila sauti, kama mtu aliyekwisha kujizoeza kwa sababu ya majirani.

"Wewe ni wa kwanza," alisema hatimaye. "Jina lake halijasemwa nyumba hii tangu Pasaka."

"Kwa nini, mzee?"

"Kalina." Aliketi kwenye kiti cha mbao, kile kingine hakukikalia mbele ya mgeni. "Binti yetu. Yuko Zaragoza. Mara mbili alifika mwezi wa tano, mwezi wa sita, na mara mbili... Sasa yuko wa nane. Daktari wa huko amesema alale, asiinue hata birika, asishtuke. Asishtuke, Inspekta. Na mama yake na yeye walikuwa..." Alionyesha vidole viwili vilivyobanana. "Kalina naye anaandika. Hadithi, anaziuza mwenyewe kwenye mtandao. Kila sura humtumia mama yake kwanza. Basi sura ilikuja wiki ile ya mazishi. Ningemwambia nini?"

"Na sauti? Hakutaka kuzungumza na mama yake?"

"Nilimwambia kapasuliwa koo. Haruhusiwi kusema. Anaandika tu."

"Kwa hiyo ukaandika wewe."

"Nilijaribu kuandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikashindwa. Miaka yote nimekopi maneno yake. Mikono haikutembea bila karatasi ya kijani pembeni. Basi nachapa sura, nakaa kwenye kiti chake, naandika kwa penseli yake. Halafu nahamia hapa, naingiza." Alijifuta pua. "Makosa ya herufi nayaona, Inspekta. Nukta ikikosekana naiona kutoka mlangoni. Lakini yeye aliona kitu kingine. Alikuwa akisoma ukurasa, anautazama hivi, na anajua mwandishi kajificha wapi. Mimi sijui. Mimi naona watu wamehangaika kuandika, nawaonea huruma."

"Na Daktari Cholakov? Wengine? Ungewarudishia miswada yao."

"Ukurasa wa mama yake kwenye mtandao anauendesha Kalina. Mwandishi mmoja akituma rambirambi, wa kwanza kuisoma ni yeye. Hata tangazo mlangoni, mtu anapita, anapiga picha, anamtumia binamu Hispania." Alimtazama. "Zulia amekwambia Ganka, sivyo? Nalijua dirisha lake. Zulia lilikuwa na alama za magurudumu ya kiti cha Nevena. Nilishindwa kulikanyaga. Nimelitandika kijijini, chumba alichofia."

Ndipo simu ya ukumbini ilipolia. Metodi alisimama haraka hadi akagonga meza.

"Ni yeye. Kila mchana." Alivuta pumzi, akanyoosha sweta, akaenda. "Kalinka. Hapana, hapana, mafua tu... Silii, mtoto, ni yale maua ya barabarani, unayajua... Hakuna mtu." Inspekta alikuwa ameikanyaga sakafu tupu na mbao zikalia. "Ndiyo, yupo mtu. Ni... ni daktari wa koo. Kaja kumwangalia mama."

Aliifunika simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Anataka kuongea na wewe."

"Mzee, mimi si daktari."

"Wiki chache tu," alinong'ona. "Nakuomba kama naomba kanisani. Mtoto akishatoka, nitasema yote. Nifungeni mkitaka. Wiki chache."

Katika kazi yake Radostina alikuwa amedanganywa na kila aina ya watu, na alijivunia kwamba yeye mwenyewe hakuhitaji kufanya hivyo. Aliipokea simu. Waya ulifika hadi jikoni. Aliingia na kuurudishia mlango.

"Halo, binti. Mama yako anaendelea vizuri. Koo linapona, ila itabidi anyamaze kwa wiki kadhaa zaidi. Usiwe na wasiwasi, wewe jitunze tu."

Upande wa pili Radostina alisikia feni ikizunguka, na mahali fulani mtaani Zaragoza mtu akiteremsha mlango wa chuma wa duka.

"Hapa unadanganya," alisema Kalina.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma pambizoni.

"Wewe ni nani hasa?" aliuliza.

"Polisi. Inspekta Kehayova. Baba yako hana kosa lolote."

"Najua hana. Alifariki lini?"

Radostina alitazama jiko. Sufuria kubwa ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa juu ya taulo.

"Jumamosi Kuu. Kwa ghafla. Hakuteseka."

"Jumamosi Kuu," Kalina alirudia. Alipumua kwa mdomo, polepole, kama walivyomfundisha. "Siku yenyewe sikuijua. Jambo lenyewe nililijua tangu sura ya kwanza iliyorudi. Ilikuwa imeandikwa, 'Vizuri sana, mwanangu.' Mama hakuwahi kuniita mwanangu kwenye mswada, Inspekta. Kwenye mswada nilikuwa mwandishi, na alinichana kama wengine wote. Nililia kutwa, nimelalia ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, na mtoto anacheza tu, hana habari. Halafu nikaandika sura nyingine, nikaituma."

"Kwa nini?"

"Nikiacha kutuma, baba ataamka asubuhi afanye nini?"

Radostina alihamishia simu sikio la pili.

"Ni sura mbaya," Kalina aliendelea, na sauti ilianza kumkatika. "Naandika lolote linalokuja. Mama angeniua. Baba anaandika imemgusa. Anaamini ananilinda, na nadhani ndicho kinachomweka wima. Usimwambie kwamba najua. Nikijifungua nitamwambia mwenyewe, nikiwa na mtoto mkononi, apate kitu cha kushika. Utaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Nikuulize jambo moja. Nimekosa wa kumuuliza. Arobaini yake. Kuna mtu alimchemshia ngano?"

"Baba yako. Aliichemsha mwenyewe, akaigawa kwa majirani. Na hakukubali jina la mtu mwingine litajwe juu yake."

Alimsikia akilia sasa, kwa uangalifu, akijizuia kwa ajili ya tumbo lake. Radostina alisubiri na simu sikioni mpaka alipomaliza.

* * *

Metodi alikuwa amesimama pale pale ukumbini.

"Kaamini?"

"Kaamini," alisema Radostina.

Mzee alifunga macho, akapitisha kiganja usoni. Alimshukuru mara nyingi mno, akamtafutia glasi ya rakia, pombe yao kali ya matunda, na alipokataa akamtafutia biskuti. Radostina alimwambia kwamba yeye mwenyewe atamweleza Daktari Cholakov, uso kwa uso, na kwamba mzee yule atanyamaza, Bi. Ganka pia. Hakuna faili litakalofunguliwa.

"Daktari mwambie aitoe ile sehemu ya kondoo," Metodi alisema kwa aibu. "Niliona kwamba haifai. Sikuwa na moyo wa kumwambia."

"Nitamwambia."

Kompyuta ililia chumbani. Metodi aligeuka, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapata uhai.

"Sura mpya. Kaituma sasa hivi, umeona? Anaandika, maana yake hajambo." Alikuwa amekwisha kwenda kuichapa. Karatasi zilitoka moja moja, zikiwa na joto, naye akazipanga pembe, akaketi kwenye kiti cha magurudumu, akachagua penseli kutoka kikombeni. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Mara moja alisimama kwenye sentensi, akaikunjia uso, penseli hewani, kama mtu aliyekaribia kuona kitu. Kisha kikampita.

Radostina alisoma juu ya bega lake. Metodi aliandika kwa herufi zake zilizosimama wima, *Vizuri sana, mwanangu*, akaitazama, akaipulizia vumbi la penseli. Halafu akainuka, akahamia kwenye kiti cha mbao, na kuanza kuyaingiza maneno yale. Inspekta aliufunga mlango taratibu ili asimkatize.